Nilizama Pakavu

Barua ilisukumwa chini ya mlango wa karakana asubuhi, ikateleza juu ya vumbi la sponji, ikasimama karibu na mguu wa Mama Makochi. Aliliona jina juu ya bahasha kabla hajainama. Ilikuwa imeandikiwa mume wake.

Mume wake alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu kaburini.

Mama Makochi alitema misumari kiganjani. Fundi anapovisha kochi huweka misumari midogo mdomoni, akiisogeza mmoja mmoja kwa ulimi, kwa sababu mkono wa kushoto unavuta kitambaa na wa kulia umeshika nyundo. Ni kazi ya mikono mitatu, na wa tatu ndio huo mdomo. Ndiyo maana wateja wengine walimdhania mtu wa maneno machache. Walikuwa hawajamkuta mdomo mtupu. Ukimkuta mdomo mtupu utategewa vitendawili mpaka usahau ulichojia.

Alifungua barua, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Ofisi ya kodi ilimwambia "Ndugu Mlipakodi" kwamba ritani, yaani fomu ya hesabu za kodi ya mwaka, aliyotuma mwezi wa tatu, na ambayo kwayo alirudishiwa fedha za kodi iliyozidi, imeonekana kuwa na maelezo ya uongo. Afike mwenyewe ajieleze.

"Afike mwenyewe," alisema Mama Makochi, akageukia ukutani. "Umesikia, mume wangu? Unaitwa. Na hiyo ritani uliituma kwa njia gani, kwa mizizi?"

Ukutani palikuwa na leseni yake ya biashara na, kando yake, ndani ya fremu ya kioo, cheti cha namba ya mlipakodi cha marehemu. Namba ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu nene. Mteja yeyote aliyekaa kwenye benchi akisubiri kiti chake angeweza kuisoma bila miwani. Baada ya mazishi binti yao, Kifungo, alimwambia, "Mama, twende ofisi ya kodi tukatoe taarifa, namba ya baba ifungwe. Jina la marehemu haliachwi wazi hivi, watu watalivaa." Alimwambia mara mbili. Mama Makochi alimjibu vilevile mara zote mbili: "Kazini wamemfuta. Benki wamemfuta. Hata laini yake ya simu wamempa mtu mwingine. Niachie pahali pamoja ambapo bado anahesabiwa na walio hai." Mara ya tatu Kifungo hakuuliza.

Basi alikunja barua, akachukua cheti cha kifo, akaenda.

Afisa wa dirisha la nne alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, sauti imezama puani. Alisoma cheti cha kifo, akapiga kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Mtu ameingia kwenye akaunti ya marehemu. Amejifanya amesahau neno la siri, akabadilisha namba ya simu, akatuma ritani ya uongo, na fedha zikaingia kwenye simu yake. Wewe kuna mtu yeyote uliyempa neno la siri?"

"Hata mimi mwenyewe silijui."

"Namba ya mlipakodi?"

"Sijampa mtu. Wallahi vile."

"Ujumbe wa namba sita, uliwahi kuingia kwenye simu yako ukamsomea mtu?"

"Hapana, mwanangu. Simu yangu huingia matangazo ya mikopo tu."

Afisa alipenga kamasi, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Sasa huyu aliingiaje? Mtu akisahau neno la siri, mfumo unamuuliza swali ambalo mwenye akaunti alilichagua. Asipojua jibu, haendi popote. Huyu alijibu mara moja tu, sawasawa. Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi." Alimwandikia tarehe kwenye kikaratasi. "Swali lenyewe hata silielewi. Limeandikwa: 'Nilizama pakavu, wala sikutaka kuokolewa.'"

Mama Makochi alishika ukingo wa dirisha.

Kile kilikuwa kitendawili cha mume wake. Hakukirithi kwa mtu, alikitunga mwenyewe. Miaka ishirini na minne nyuma alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, mgane kijana mwenye mtoto wa miaka minne, na alikuja karakanani kuziba bomba lililopasuka. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaja naye. Alipomaliza, mwenye karakana, ndiye yeye Mama Makochi, alimwambia akae apumzike, naye akajitupa kwenye kochi la njano ambalo springi zake zilikuwa zimetolewa asubuhi ileile. Alizama mpaka kwapani, miguu ikabaki juu. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye karakana alimnyooshea mkono, na fundi bomba, badala ya kuushika ainuke, aliushika akabaki humohumo ndani ya kochi, akamuuliza jina. Wakaoana mwaka uleule. Mtoto alikuwa mnene na mviringo, mama yake mpya akamwita Kifungo, na tangu siku ya kwanza Kifungo alimwita Mama, bila kufundishwa.

"Mama," afisa alisema, "nani anayejua jibu la hili swali?"

"Watu watatu," alisema. "Mmoja ndiye huyu aliyekufa."

"Usikimbilie kumtuhumu mtu. Hawa wezi wana njia nyingi, wana ulimi mtamu. Nenda nyumbani, fikiri, kisha uje tuandike maelezo."

Lakini Mama Makochi hakwenda nyumbani. Na tangu dirisha la nne mpaka alikokwenda, hakufikiri.

Kifungo alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa, la mzee aliyeitwa Kalamu Tatu kwa sababu mfuko wake wa shati haukuwahi kuwa na kalamu mbili. Watu walikuja pale wajaziwe fomu: za shule, za hati ya kusafiria, na zaidi za kodi. Siku za mwisho za kutuma ritani foleni ilifika barabarani. Walimpenda Kifungo kwa sababu wakati mteja anaandika neno lake la siri, yeye aligeuza kiti akatazama ukuta. "Hilo ni kama nguo ya ndani, mzee," aliwaambia. "Usinionyeshe." Wakacheka, na wakarudi mwaka uliofuata.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndani ya duka. Kifungo alimwona mama yake mlangoni, akainuka kidogo.

"Shikamoo mama. Mbona na jua hili? Si ungenipigia nikufuate?"

"Nilizama pakavu, wala sikutaka kuokolewa," alisema Mama Makochi.

Kifungo alitabasamu. Tangu baba yake afe hawakuwa wamelitaja lile kochi. "Kochi la njano," alijibu.

"Mmemsikia?" Mama Makochi aliwageukia waliokuwa kwenye foleni. "Mmemsikia kwa masikio yenu? Jibu analo mdomoni! Baba yake yuko udongoni, yeye ameingia kwenye jina lake kama mwizi anavyoingia dirishani, amechukua fedha za serikali, barua imeletwa kwangu mimi!"

"Mama, unasema nini?"

"Mnampa huyu maneno yenu ya siri? Eti anatazama ukuta! Nani anajua ukutani ameficha nini!"

Kalamu Tatu alitoka nyuma ya mashine. "Mama Makochi, nakuomba, ingieni ndani mzungumze kifamilia."

"Familia gani?" Na hapo ndipo alipolitoa, neno ambalo kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kulitamka, wala siku ya homa, wala siku ya hasira, wala siku shangazi za mtoto walipomchokoza alitamke. "Ningekuzaa mimi, usingenifanyia hivi."

Mashine ya kopi ilikuwa inaendelea kutema karatasi. Kifungo alitazama chini, akahifadhi fomu ya mteja aliyekuwa mbele yake ili isipotee, akasukuma kiti chini ya meza. Alipita katikati ya watu bila kumgusa mtu. Aliporudi nyumbani jioni alichukua nguo zake, akaweka ufunguo juu ya mkono wa kochi, akasema "Sikuchukua kitu, mama," akatoka. Kesho yake Kalamu Tatu alimwambia asirudi. Hakuwa na ubaya naye, alisema, ila wateja watatu walikuwa wamekwisha piga simu kuuliza kama ni kweli.

Majuma matatu Mama Makochi alipiga nyundo kuliko kawaida. Jirani alipouliza habari za binti, alikuwa na misumari mdomoni. Alijiambia amedhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa ana haki ya kunyamaza. Usiku alipika kwa ajili ya watu wawili kwa mazoea, akala cha mmoja, akakasirika tena.

Juma la nne, asubuhi, simu ililia.

"Mama wa kochi la njano!" ilisema sauti ya kiume, laini, ya furaha. "Shikamoo mama yangu! Umenisahau?"

Mama Makochi alitoa misumari mdomoni polepole.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwanao wa idara ya maji! Yule wa kumbukumbu za wastaafu waliotangulia. Siku ile umenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakadhani nimerukwa na akili. Mzee kazama mpaka kwapani, eti! Mama, nina habari njema. Kiinua mgongo cha mzee kilichobaki kimeiva. Hapo kwenye simu yako kunaingia namba sita, zinaingia sasa hivi. Zikifika unisomee tu, nikumalizie."

Simu ilitetemeka shavuni. Aliitoa sikioni, akaisoma kwa kidole. Ofisi ya kodi ilisema kuna mtu anataka kubadilisha neno la siri la akaunti yake, yake yeye Mama Makochi. Hizi ndizo namba zake sita. Asimpe mtu yeyote.

"Zimefika, mama?"

"Siku ile," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeita toka chumba kingine, "ulinipigia lini vile?"

"Mwezi wa tatu, mama, hukumbuki? Ulikuwa unavisha kiti cha daktari wa meno. Ukasema hicho nacho watu huzama, ila hutaka kuokolewa! Nisomee basi, mama yangu."

"Una mama, wewe?"

Kisha simu ikakatwa.

Daftari la oda lilikuwa kwenye droo ya sindano. Hakuhitaji kulifungua, alilifungua hata hivyo. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu. Kiti cha daktari wa meno, ngozi ya kijani, asubuhi.

Sasa alikumbuka yote, na kilichomuumiza kuliko yote ni kwamba alikumbuka kwa utamu. Kijana mwenye adabu alipiga, akasema wanaandaa kitabu cha kuwakumbuka wastaafu, na kwenye faili la mzee wamekuta maneno ambayo ofisi nzima imeshindwa kuyaelewa. Akayasoma: nilizama pakavu, wala sikutaka kuokolewa. Huyu alizama wapi, mama? Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amemtegea kitendawili kile. Alikuwa amekwisha amini kimezikwa. Alitema misumari, akacheka, akajibu upesi kabla mwingine hajamtangulia, kama mtoto darasani, kisha akakaa chini kwenye vumbi la sponji akasimulia kila kitu: bomba, springi, miguu juu, mkono ulioshikwa. Kijana alisikiliza vizuri. Hakumkatiza. Haikuwa simu ya kodi. Hakuulizwa neno la siri wala namba yoyote. Alikuwa amejibu kitendawili cha mume wake tu, na kati ya simu zote za mwaka ule hakuna iliyomfurahisha kama hiyo. Ndiyo maana dirishani aliapa, na hakuwa anadanganya.

Nini hicho, ukimpa mwenzako unabaki nacho, lakini si chako tena? Angeulizwa hivyo jana, angejibu haraka pia.

Kifungo alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya wageni, chumba cha nyuma cha kufulia. Mama yake alimkuta anapiga pasi mashuka, moja likishuka chini ya meza kama maji. Alikuwa amekonda. Pembeni ya kidole gumba alikuwa na alama ya kuungua.

"Shikamoo," alisema Kifungo. Hakusema mama.

"Marahaba." Alikuwa ameandaa maneno njiani, yakamkimbia yote. "Ni mimi niliyesema. Jibu. Kwenye simu, mwezi wa tatu. Mtu alinitegea, nikamjibu. Leo amenipigia tena, ndipo nikajua."

Pasi ilisimama. Kifungo aliiinua haraka isichome shuka, akaiweka wima.

"Alikuambia anatoka wapi?"

"Idara ya maji. Kijana mwenye adabu."

"Wana adabu sana," alisema Kifungo. "Wateja wangu wote walioibiwa wanasema hivyohivyo. Alitaka nini leo?"

"Namba sita. Sikumpa."

"Vizuri. Hizo hazisomwi kwa mtu, hata aseme yeye ni nani. Nenda leo hii ukatoe taarifa, wafunge ya baba, na ya kwako ubadilishe neno la siri. Swali la siri uweke lingine, lisiwe la kweli. Andika jibu ambalo halihusiani na swali, mtu asilipate hata akikaa na wewe mwaka mzima. Na kile cheti ukishushe ukutani." Aliyasema yote hayo kwa upole, moja baada ya jingine, sauti ileile aliyowapa watu wa foleni. "Simu ya huyo mtu usiifute. Wataihitaji."

"Kifungo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

Mama Makochi alilisikia lile neno, akapiga hatua moja mbele. Kifungo alichukua shuka lingine, akalikung'uta, likawa katikati yao.

"Twende nyumbani basi."

"Hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulipokuwa unasema, niliwahesabu. Sikuwa na pengine pa kutazama. Walikuwa kumi na mmoja, ukimtoa Kalamu Tatu. Hao wanajua mimi ni mwizi wa baba yangu." Alikunja pembe na pembe. "Na wanajua kwamba hukunizaa. Mimi nilikuwa nimesahau."

Mama Makochi alirudi nyuma hatua ile moja, akatoka.

Alikwenda kwanza dirisha la nne. Aliandika maelezo kurasa mbili, akaacha namba ya mwizi, akaweka sahihi namba ya mume wake ifungwe. Afisa aligonga muhuri mara moja, akasema imekwisha. Haikuchukua hata dakika. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa watoto wa marehemu, na mbele yake, watoto wa mtia sahihi. Aliandika jina lilelile mara mbili.

Kisha akaenda dukani kwa Kalamu Tatu. Msichana mwingine alikuwa kwenye kiti cha Kifungo, na foleni ilikuwa ya watu saba. Mama Makochi alisimama pale aliposimama siku ile.

"Jamani," alisema. "Yule binti aliyekuwa hapa hakuiba. Ni mimi niliyetapeliwa kwa simu, nikamsingizia."

Watu walitazamana. "Binti yupi?" aliuliza kijana mwenye bahasha. Hakuna aliyekuwa anajua anazungumzia nini. Kalamu Tatu alivua miwani, akaifuta, akasema taratibu kwamba amesikia, na kwamba anasikitika, lakini kiti kina mtu.

Karibu na mlango mwanamke mmoja mwenye kikapu aliinua mkono nusu. "Mimi siku ile nilikuwepo."

Mama Makochi alimfuata, karibu ampigie magoti. "Dada yangu. Basi umesikia. Hakuiba."

"Nimesikia, mama. Pole." Yule mwanamke alihamisha kikapu toka mkono huu kwenda huu. "Ila mimi nilishawasimulia watu. Dada zangu, majirani, hata wale tunaosuka nao."

"Wasimulie na hili."

"Nitajaribu." Alicheka kidogo, cheko la aibu. "Lakini lile la kwanza lilikuwa na utamu wake, mama. Hili nani atakaa alisikilize?"

"Wewe wasimulie tu. Na wale wengine mliokuwa nao kwenye foleni, unawafahamu?"

"Mmoja labda. Mzee wa kofia, anauza vioo kule nyuma ya kituo cha maji. Wengine hata sura siwakumbuki."

"Nyuma ya kituo, upande wa kulia au wa kushoto?"

"Kulia. Lakini saa hizi atakuwa amefunga."

Mama Makochi alishukuru, akatoka. Alikwenda hata hivyo, akakuta duka la vioo limefungwa kwa mnyororo. Akakaa kwenye ngazi kumsubiri.